Kijani Njoo, Nyekundu Usije

Watu wa soko la Bagamoyo wameona mengi, lakini mwanamke wa kusimama mbele ya meza ya ndimu Jumamosi asubuhi, akajitupia doti nzima ya kanga kichwani mpaka kiunoni, akainama, na humo ndani ya kanga ukawa unawaka na kuzimika mwanga wa zambarau, huyo walikuwa hawajamwona. Muuza ndimu alishaacha kuita wateja. Alikaa juu ya gunia, mikono mapajani, akisubiri kuambiwa kosa lake.

"Bwana afya huyo," alinong'ona muuza nyanya.

"Bwana afya wa kujifunika kanga?"

"Wa kike. Siku hizi wanaleta wa kike."

Abdulnasir Alawi alikuwa anapita na mfuko wa chokaa begani, fulana yake ya buluu imekuwa nyeupe upande mmoja, miguuni mabuti ya mpira. Si mtu wa kuingilia mambo ya watu. Ila aliuona ule mwanga, na miguu ikakataa kuendelea.

"Dada, samahani. Unaumwa?"

"Siumwi," sauti ilijibu kutoka ndani ya kanga. "Sogea kushoto kidogo. Jua linaniingilia."

Akasogea. Akawa kivuli cha mtu asiyemjua, na chokaa begani.

"Kwani unafanya nini humo?"

"Natazama rangi."

"Ya ndimu? Ndimu ni kijani, dada. Hata sisi wa huku nje tunaiona."

Kanga ikatulia. Kisha sauti ikasema, taratibu, "Una dharau wewe. Haya, ingiza kichwa uone."

Mtu mwenye akili timamu angecheka akaenda zake. Abdulnasir aliinama, na mfuko wake wa chokaa, akaingiza kichwa chini ya kanga za mwanamke asiye dada yake wala mkewe, mchana kweupe, sokoni Bagamoyo. Mimi ninayesimulia mpaka leo sijui alikuwa anawaza nini, na yeye mwenyewe ukimuuliza anakwambia hajui.

Mle ndani mlikuwa na giza, joto na harufu ya ndimu. Aliona miwani, na nyuma ya miwani macho makubwa yasiyomtazama yeye. Kiganjani mwa yule mwanamke palikuwa na kipande cha karatasi chenye unyevu. Alipokiwashia taa yake ndogo ya zambarau kiling'aa kijani, kijani ambacho Abdulnasir hakuwahi kukiona dukani wala shambani. Kisha yule mwanamke akakikamulia tone moja la ndimu. Kijani kikafifia, na nyekundu ikapanda kutoka katikati mpaka pembeni.

"Subhanallah," Abdulnasir alisema. "Dawa gani hiyo?"

"Molekuli. Nimeitengeneza mimi."

"Wewe?"

"Mimi, kwa gharama ya usingizi wangu wote. Ina kichwa kinachong'aa na mkono unaoonja. Pakiwa na uchachu, ule mkono unashika haidrojeni, na ukishika tu, kichwa kinabadili rangi. Ukiuondoa uchachu, mkono unaachia, kijani kinarudi."

"Ukiuondoa kwa kitu kama chokaa?"

Hapo ndipo alipomtazama kwa mara ya kwanza. "Wewe umeijuaje chokaa?"

"Ninayo begani. Inanivunja shingo hapa nilivyoinama."

Yule mwanamke, jina lake Nadhira, akacheka. Kicheko hicho kilimwingia Abdulnasir moja kwa moja, naye hakukitafutia sababu. Walipotoa vichwa nje, soko zima lilikuwa kimya. Bibi mmoja muuza mbaazi aliwatazama juu chini, kuanzia baibui la Nadhira lenye darizi ya zambarau mikononi mpaka mabuti ya yule kijana.

"Haya," alisema. "Mmemaliza kusoma?"

Wakatoroka, kila mmoja njia yake. Nadhira alilipia ndimu akazisahau mezani. Abdulnasir ndiye aliyezichukua, akamkimbilia nazo, na kwa kisingizio cha ndimu akapata namba ya simu.

Nadhira binti Shamsudin alikuwa mtoto wa mji mkongwe. Siku za wiki alikuwa Dar, chuoni, akisomea shahada ya juu ya kemia. Mwisho wa wiki alirudi nyumbani kwa baba yake na shangazi yake, Bi Raya, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Abdulnasir alikuwa mtunza maji wa kituo cha kuzalisha vifaranga wa kambamiti, upande wa Mbegani. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha maji hayachachuki, maana chakula kikibaki chini ya tangi kinaoza, maji yanachachuka, na vifaranga wanakufa kabla jua halijapanda. Mmoja alikuwa anatafuta pa kujaribia molekuli yake, mwingine anatafuta cha kumwambia mapema hali ya maji. Wenyewe wakaita hiyo kazi. Bi Raya aliiita kwa jina lake hasa.

"Bibi Ndimu, umeamkaje?"

"Salama, Bwana Maji. Vifaranga wako?"

"Wazima. Wanakuulizia."

"Toka lini kambamiti wakaulizia mtu?"

"Wanalishwa na mtu anayekuwaza. Wameambukizwa."

"Muongo wewe," Nadhira alisema, kisha akakaa na simu sikioni muda mrefu baada ya mwenzake kukata.

Mara ya kwanza alipokwenda Mbegani na karatasi zake, Bi Raya alimsindikiza. Ungemwona, kanga mpya zinakwaruza, viatu kavishika mkononi visilowane, amekaa mlangoni pa jengo la matangi na amejiziba pua. Huyu mama mtu asipomnukia vizuri hamkaribishi ndani. Nyumbani kwake kila kitu kilipita juu ya chetezo: mashuka, mitandio, kanzu za nduguye, hata taulo. Watoto wa mtaa walisema Bi Raya akifunga safari, udi unatangulia kufika.

"Mimi nayajua maji yangu kwa pua," Abdulnasir alikuwa anamwambia Nadhira. "Nikinusa tu, najua tangi lipi lina matatizo."

"Pua inadanganya, Bwana Maji. Rangi haidanganyi."

"Pua yangu haijawahi kunidanganya," Bi Raya alisema kule mlangoni, japo hakuna aliyemuuliza.

Siku hiyo pua ndiyo iliyoshinda. Tangi la mwisho lilikuwa limeanza kuchachuka, Abdulnasir akalisikia, lakini karatasi ya Nadhira ilibaki kijani vile vile. Uchachu wa ndimu iliujua. Uchachu mdogo wa tangi haikuuona. Nadhira alirudi Dar amenuna. Akaukata ule mkono wa molekuli, akaupachika mwingine, ukawa mvivu zaidi. Akaukata tena. Miezi ikapita, na kila sampuli ilipokufa alimpigia Abdulnasir kulalamika, naye akamsikiliza akiwa amesimama kwenye maji mpaka magotini. Sampuli ya saba ndiyo iliyokubali.

"Hii inaona mpaka aibu," alimwambia aliporudi Mbegani. "Ilowanishe kidogo, ipumulie uone."

Abdulnasir aliipumulia karatasi. Ikageuka nyekundu polepole chini ya taa.

"Kama nani vile?" aliuliza.

"Simjui," Nadhira alisema, akajivuta mtandio usoni.

Akamwachia taa moja na bunda la karatasi. Tangu hapo hakufa kifaranga kwa ajili ya maji.

Basi ingekuwa watu wengine, hadithi ingekwisha kwa harusi na mimi nikaenda zangu. Lakini hawa walikuwa na akili nyingi.

Jumapili moja Abdulnasir alipiga simu, sauti yake imekuwa ndogo.

"Nadhira, ami yangu Mbaruku anataka kujua kama Ijumaa ana kazi au hana."

"Kazi gani?"

"Ya kuvaa kanzu na kuja kwenu na wazee wenzake."

Nadhira alitaka kusema ndiyo, akakuta mdomo umekauka.

"Upo?"

"Nipo. Abdulnasir, ukinioa, kazi yangu je?"

"Kwani ukiacha kazi, maji yangu ataniangalizia nani?"

Nadhira alifumba macho. Jibu hilo lilimtosha, ila la kwake lilikuwa bado limekwama. "Unajua nilivyofanywa mwaka juzi? Alikuja mtu wa Pangani, mwenye maduka. Shangazi akaingia chumbani kuniuliza, nikashikwa na butwaa, nikanyamaza. Akatoka akawaambia wazee amenyamaza, kakubali. Ilibidi nitoke nikilia mbele ya wageni ndipo ikavunjika. Baba alikaa mwezi mzima hasemi na mimi. Safari hii sitaki kimya changu kisemewe."

"Basi niambie mimi kwanza. Kama ni hapana nijue kabla, nisimpeleke ami yangu akarudi na aibu."

"Mdomo wangu ukiulizwa unagoma."

"Basi nijibu kwa hiyo dawa yako," Abdulnasir alisema, kwa utani. "Haigomi hiyo."

Utani ukawa shauri. Nadhira akalipenda, maana lilikuwa jambo lake mwenyewe, la mikono yake. "Alhamisi utapata kitambaa," alisema. "Ukiwashie taa. Kijani, njoo. Nyekundu, usije."

"Na nisipoelewa?"

"Rangi mbili tu, mpenzi. Utakosaje kuelewa?"

Jumatano, usiku haukuwa umeingia bado alipomaliza. Alichukua kitambaa cheupe cha mkononi alichokitarizi ukingo mwenyewe, akakichovya katika sampuli ya saba yenye punje ya magadi, akakianika. Kwa macho ya kawaida kilikuwa cheupe chenye unjano kwa mbali. Chini ya taa kilikuwa kijani kitupu. Alikitazama mpaka macho yakamlowa, akakifunga kwenye karatasi na kurudi nacho Bagamoyo, akamnong'oneza shangazi yake kwamba Ijumaa kuna wazee wanakuja.

"Shangazi," alisema alfajiri ya Alhamisi, kabla hajarudi chuoni, "si unakwenda Mbegani kumpa pole jamaa yako? Mpe Abdulnasir hiki. Usikifungue."

"Nikifungue nina shida gani nacho?" Bi Raya alisema.

Bi Raya alikifungua kabla Nadhira hajafika kituoni. Si kwa umbea, ingawa na umbea ulikuwepo. Alisikia harufu. Kitambaa kilikuwa kinanuka spiriti, kinanuka maabara, na kitambaa cha namna hiyo hakitoki nyumba ya watu wenye adabu kwenda kwa mchumba. Akakinyunyizia marashi ya mawaridi. Akakitandaza juu ya kitenga, chini akaweka chetezo, na hakutumia udi wa kila siku. Alitoa ule alioufunga kwenye leso kabatini, wa siku ya kuozesha watoto wa nyumba hiyo. Akakaa hapo, akikigeuza, akimwombea dua mtoto wa kaka yake. Alikuwa anatoa kizuri kuliko vyote alivyonavyo.

Sasa udi ni mti, na moshi wa mti una uchachu. Ndiyo maana unawasha macho. Marashi yalikilowesha kitambaa, moshi ukaingia kwenye unyevu, na ile molekuli inayoona aibu hata ya pumzi, ikashika. Kwa macho hakikubadilika kitu. Bi Raya alikikunja, akakinusa, akaridhika, akakipeleka.

Abdulnasir alikipokea kwa mikono miwili. Alijifungia stoo ya chakula cha vifaranga, akaziba dirisha kwa gunia. Kabla hajawasha taa alikisogeza puani, na kifua kikafunguka. Udi. Na si udi wa mchezo. Akacheka peke yake mle stoo, akawasha taa.

Nyekundu.

Akazima. Akawasha. Nyekundu, ukingo mpaka ukingo. Akakigeuza upande wa pili, akaifuta taa kwa fulana, akakinusa tena. Pua ilimwambia karibu. Macho yalimwambia rudi ulikotoka. Mtu anakukataaje huku anakufukizia? Au ndiyo namna ya watu wa mji mkongwe, kukufukuza kwa heshima? Alikaa juu ya magunia, kitambaa kimoja kinamwambia maneno mawili, mpaka akakumbuka maneno ya Nadhira mwenyewe kuhusu pua. Hapo akaamini macho.

"Ami, kesho msiende," alimwambia Mzee Mbaruku, aliyekuwa anapiga pasi kanzu.

"Kwa nini?"

"Amekataa."

"Amekwambia?"

"Kwa kitambaa."

Mzee Mbaruku aliweka pasi chini. Akakichukua kitambaa, akakitazama, akakinusa. "Mbona kinanukia kukubali?"

"Pua inadanganya, ami."

"Nani kasema?"

"Yeye mwenyewe."

"Kwa hiyo amekuletea kitambaa kizuri, amekifukiza udi wa harusi, halafu amekataa."

"Ndiyo."

"Mimi sielewi," Mzee Mbaruku alisema.

"Na mimi sielewi, ami."

"Tuwapelekee habari basi, wasitungoje."

"Habari gani? Yeye ndiye aliyekataa. Kwao wanajua."

Kisha Abdulnasir alimwandikia Nadhira ujumbe. Angeandika neno moja tu la rangi, mambo yangekwisha hapo hapo. Lakini mwanamume akiumia anakuwa mstaarabu ghafla. Aliandika: "Nimepata jibu lako. Nashukuru. Nimewazuia wazee. Mungu akupe kheri."

Nadhira aliusoma akiwa maabara, miwani ya kazi usoni, akaurudia mpaka maneno yakapoteza maana. Amepata jibu. Amepata ndiyo yake, ile iliyomtoa machozi, na amewazuia wazee. Nashukuru ya nini? Alitafuta kosa. Labda mama yake Abdulnasir kamkatalia mke wa kushinda Dar akichanganya madawa. Labda alimtaka mpaka alipompata. Alitaka kupiga simu, akaona atalia, na kulia kwa mtu aliyekushukuru akaondoka ni kujidhalilisha. Akaandika, "Sawa. Nawe pia." Akazima simu.

Nyumbani hakusema. Alikuta zulia limeshatolewa, vikombe vya kahawa vimeshasuguliwa, Bi Raya yuko jikoni na jasho la furaha. Kila alipofungua mdomo aseme, ulikauka. Na ndani kabisa alikuwa anatumaini ami atakuja tu, kwamba ujumbe ule ulikosewa. Ijumaa baada ya sala Mzee Shamsudin alivaa joho lake la Idi, akakaa barazani kusubiri wageni. Bi Raya alifukiza nyumba nzima, chumba kwa chumba. Alasiri ikapita. Kahawa ikapoa, ikapashwa, ikapoa tena. Majirani walipita mara mbili mbili na salamu zao ndefu. Magharibi ilipoadhiniwa, Mzee Shamsudin aliinuka, akalikunja zulia yeye mwenyewe, akaingia ndani bila kumtazama mtu.

Nadhira alimwona kwenye upenyo wa pazia. Hakuna kilichowahi kumuuma hivyo.

Jumamosi aliamua kufanya kazi, maana kazi haizuii wazee. Kisanduku cha karatasi za sampuli ya saba kilikuwa wazi juu ya meza ya chumbani tangu Alhamisi. Akafunga dirisha, akalowanisha moja, akaiwashia taa.

Nyekundu. Akachukua nyingine. Nyekundu. Zote, bunda zima.

Akakaa kitandani. Kwanza alidhani molekuli imekufa, kwamba sasa kila kitu alichokigusa kimekufa. Kisha akavuta pumzi, na chumba kilikuwa bado kinanukia.

"Shangazi," aliita. "Jana ulifukiza na humu?"

"Nimefukiza mpaka bandani kwa kuku," Bi Raya alijibu kutoka ukumbini, na hasira yake yote ikamtoka. "Udi wangu wa kabatini. Umebaki kipande kama ukucha. Nusu nimefukizia wageni hewa, nusu nimefukizia kile kitambaa chake, yule asiye na haya."

Nadhira alikuwa ameshafika mlangoni. "Kitambaa gani?"

"Kile cha Alhamisi. Kilikuwa kinanuka, mwanangu. Nipeleke kitu kwa watu kinanuka spiriti, waseme hukulelewa?"

"Shangazi, ulikifukiza."

"Na marashi nikakitia."

Nadhira alishika mwimo wa mlango. Akaanza kucheka, na katikati ya kicheko akawa analia, na Bi Raya akamtazama asijue ampe maji au amsomee.

"Vaa, shangazi. Tunakwenda Mbegani."

"Kufanya nini? Tena kwa yule?"

"Nitakwambia kwenye bajaji."

Alimwambia kwenye bajaji, mara mbili, na Bi Raya hakuelewa. Alichokishika ni kimoja tu, kwamba udi umeonekana una makosa, na hilo hakulikubali.

Abdulnasir alikuwa anabadilisha maji ya tangi. Alipowaona alinyooka, mpira wa maji mkononi, maji yakimlowesha mabuti.

"Shikamoo, Bi Raya."

"Marahaba," Bi Raya alisema kwa ubaridi, akasimama pale pale mlangoni.

"Karibu, dada Nadhira."

Lile "dada" lilimchoma Nadhira kuliko ujumbe. "Ulikiona kina rangi gani?" aliuliza.

"Unajua rangi uliyotuma."

"Taja."

"Nyekundu," Abdulnasir alisema, na sauti ikamkatika. "Nyekundu, Nadhira. Umenifuata huku kuja kunisikia nikiitaja?"

"Nilituma kijani."

Akamweleza. Moshi, marashi, bunda la karatasi mezani. Abdulnasir alimsikiliza, maji yanaendelea kumwagika sakafuni. Uso wake ulitaka kufunguka, kisha ukajifunga tena. Akatoa kitambaa mfukoni mwa shati; alikuwa anatembea nacho.

"Tukitie maji ya bahari, basi," Nadhira alisema. "Yana magadi ya kutosha. Kitarudi kijani sasa hivi, uone."

"Kitarudi," Abdulnasir alisema. "Na kama kilikuwa chekundu tangu mwanzo?"

Nadhira akaurudisha mkono uliokuwa umeshakifikia kitambaa.

"Ulinifundisha mwenyewe, siku ya kwanza, chini ya kanga. Ukiuondoa uchachu, kijani kinarudi. Kitambaa cha hapana nacho kitarudi. Sasa mimi nitajuaje uliniambia nini? Nimekaa siku zote hizi nanusa, natazama, nanusa. Nimechoka, Nadhira. Kichwa changu kimechoka."

Nadhira alisimama akitafuta kipimo. Alikuwa hodari wa vipimo, na hapa hapakuwa na hata kimoja. Hakuna chochote duniani cha kuonyesha kitambaa kile kilikuwaje kabla ya moshi. Kilichobaki ni ule mdomo wake, nao ulikuwa umeshakauka kama kawaida yake. Akafikiria baba yake akikunja zulia. Akameza mate yasiyokuwepo.

"Nimekubali," alisema. Ilitoka ndogo, pampu ya maji ikaifunika.

"Umesemaje?"

"Zima hiyo pampu."

Akaizima. Jengo zima likatulia.

"Nimekubali," Nadhira alisema. "Nilikubali Jumapili uliponiuliza. Nilikubali hata kabla. Nakupenda, Abdulnasir, na sijui kwa nini ilinibidi nitie hayo kwenye kitambaa."

Abdulnasir alikaa chini, pale pale kwenye maji. Alijaribu kusema na yeye, ikamshinda, akabaki anatikisa kichwa na kufuta macho kwa mkono wenye chokaa mpaka uso ukawa mweupe.

"Bibi Ndimu," alisema mwishowe.

"Inuka, unalowa."

"Acha nilowe."

Kule mlangoni Bi Raya alikuwa amefikiria sana. "Ngojeni," alisema. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyemkatalia?"

Wote wawili walikuwa wanacheka.

Ijumaa iliyofuata zulia lilitandikwa tena. Mzee Mbaruku alikuja na wenzake, kanzu zimenyooka, akamwomba radhi Mzee Shamsudin kwa maneno marefu kuhusu moshi ambayo yeye mwenyewe hakuyaamini. Mzee Shamsudin alizipokea radhi kwa uso mkavu. Wakanywa kahawa. Posa ikatajwa. Bi Raya akatumwa chumbani kumuuliza binti, kama ilivyo desturi, na wazee wakainamisha vichwa kuungojea ule ukimya wanaoujua.

Pazia halikuwa zito.

"Nimekubali," sauti ilisikika, kubwa, mpaka barazani, mpaka njiani kwa wapita njia. "Shangazi, waambie nimekubali mimi, kwa mdomo wangu."

Mzee mmoja alikohoa. Mwingine alitazama kikombe chake. Mzee Shamsudin alifungua mdomo kukemea, kisha akaufunga, na kwa mara ya kwanza tangu aibu ya Ijumaa iliyopita, akatabasamu.

Mzee Mbaruku aliweka kikombe chini, akashusha pumzi.

"Hilo," alisema, "nimelielewa."